Haki ya Mkulima Aliyetolewa Kwake na Ukame

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baad:

Somo letu la leo ni juu ya watu ambao twawaona kila siku, lakini ni wachache katika sisi wanaouliza wametoka wapi na ni kitu gani kilichowatoa. Hao ni wakulima wa nchi hii iliyo nyuma ya pwani yetu, watu wa Ganze, Bamba, Magarini, Kinango na kwengineko, ambao mvua ikiwakatikia huteremka miji ya Mombasa, Kilifi, Malindi na Ukunda kutafuta kazi. Mwanamume twamkuta machimboni akipasua mawe, au penye jengo akichukua zege. Mkewe twamkuta akifua nguo nyumba kwa nyumba. Na binti yao twamkuta jikoni mwetu wenyewe.

Jambo tutakalo kulibainisha ni moja, nalo ni hili: njaa ya mtu haimpunguzii haki yake. Aliyekuja na njaa ana haki ya ujira ule ule wa aliyekuja ameshiba. Na mwenye kuitumia njaa ya mwenziwe ili apate kumlipa duni, huyo hakupata kazi kwa rahisi. Amekula kitu kisichokuwa chake.

VIPI UKAME HUMTOA MTU KWAKE

Maulamaa wetu wamefundisha kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukijua. Basi natujue kwanza mambo haya yanavyokwenda.

Nchi ya nyuma ya pwani hupata mvua mara mbili: mvua za mwaka, ambazo huanza baina ya Machi na Aprili, na mvua za vuli, ambazo huja mwisho wa mwaka. Kadiri mtu anavyokwenda mbali na bahari ndivyo mvua inavyopungua. Mnazi huisha, kisha mkorosho huisha, na hubaki mahindi, mihogo, kunde na mbuzi. Wengi wa wakulima wa huko hawana mfereji wala mashine ya kuvuta maji. Tegemeo lao ni wingu. Msimu mmoja ukikosa mvua, mkulima hustahamili kwa akiba yake. Ikikosa miwili mfululizo, akiba huisha. Ikikosa mitatu, hana tena la kufanya ila kuondoka.

Na si mitatu tu iliyokosa. Tangu vuli ya mwaka 2020 mpaka vuli ya mwaka 2022, nchi kavu za Kenya zilikosa mvua za kutosha misimu 5 mfululizo. Tarehe 8 Septemba 2021 serikali ilitangaza kuwa ukame huo ni msiba wa taifa zima. Kufika mwisho wa mwaka 2022 ilihisabiwa kuwa watu kiasi cha 4,400,000 katika nchi kavu hizo hawana chakula cha kutosha, na mifugo iliyokufa ilipita 2,000,000. Kaunti za Kilifi na Kwale ni miongoni mwa zile 23 zinazohisabiwa kuwa ni kavu. Mvua zilirejea mwezi wa Machi 2023, na mwisho wa mwaka huo huo zikaja kwa mafuriko. Kwa hivyo ukame ule umekwisha. Lakini hapana mkulima wa huko asiyejua kwamba mwengine waja.

Sasa zingatia, ewe msomaji, vipi mambo humfika mtu hatua kwa hatua. Kwanza huuza kuku, kisha mbuzi. Lakini siku anapouza yeye mbuzi wake, na jirani zake wote wauza, na mbuzi wenyewe wamekonda. Basi bei ya mbuzi huanguka. Na siku hiyo hiyo wote wataka kununua mahindi. Basi bei ya mahindi hupanda. Tuseme katika mwaka wa neema mbuzi mmoja humpatia gunia moja la mahindi. Katika mwaka wa ukame huenda gunia lile lile likamtaka mbuzi watatu au wanne. Hivyo mali ya miaka mingi huisha kwa miezi michache, na ya kuishia si kwamba aliitumia vibaya, bali aliiuza siku ambayo kila mtu auza.

Baada ya mbuzi hukata miti achome makaa. Makaa humpa unga wa wiki moja, lakini mti uliokatwa haurudi kwa wiki, na ardhi iliyovuliwa miti hukauka zaidi ya ilivyokuwa. Baada ya hapo hula mbegu aliyoiweka ya kupandia. Hili ni jambo zito kuliko yote, kwani mwenye kula mbegu yake amekula mavuno yake ya mwakani. Hata mvua ikinyesha, hana cha kutia shimoni.

Kisha baba hufunga safari ya mjini peke yake. Akikawia, hufuata mtoto mkubwa, naye amekwisha kuacha skuli. Kisha hufuata mama na wadogo, na nyumba hufungwa.

Na hapo ndipo yanapomkuta mjini yale yale yaliyomkuta sokoni. Kitu cha mwisho alichosalia nacho ni mikono yake, na siku anapoiuza mikono yake, na jirani zake wote waiuza ya kwao. Basi ujira huanguka kama bei ya mbuzi ilivyoanguka. Mwenye mjengo akijua kwamba watu hamsini wamesimama mlangoni kwake tangu alfajiri, humchagua si mwenye nguvu wala mwenye ujuzi, bali mwenye njaa zaidi, kwa sababu huyo ndiye atakayekubali kidogo zaidi.

SHERIA YASEMAJE

Huenda mtu akasema: "Mimi sikumlazimisha. Nimemtajia ujira, naye amekubali. Mapatano ya watu wawili wakubwa yana kosa gani?"

Jawabu: kukubali kwa mtu aliyedharurika si sawa na kukubali kwa mtu mwenye nafasi. Maulamaa wamelizungumza jambo hili katika mlango wa biashara, wanapotaja kuuza kwa mwenye dharura, yaani mtu aliyefikwa na shida au deni, akauza kitu chake kwa thamani ya kutupa. Imamu Al-Khattabi ameeleza kwamba japokuwa mauzo hayo hupita katika hukumu, njia ya dini na ya muruwa ni kuwa mtu huyo asibanwe katika mali yake, bali asaidiwe, akopeshwe, na angojewe mpaka apate nafasi. Na ikiwa ni hivi kwa mtu anayeuza kitu, basi vipi kwa mtu anayeuza jasho lake?

Zaidi ya hayo, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, kukodi kazi ya mtu hakusihi ila ujira uwe umejulikana. Kumwambia mtu, "Wewe fanya kazi, tutaonana mwisho wa mwezi," si mapatano ya sheria. Na kazi ikifanywa kwa mapatano mabovu kama hayo, linalomlazimu mwajiri si kile apendacho kutoa, bali ni ujira wa mfano, yaani ujira ambao watu hupeana kwa kazi kama ile mahali pale. Basi wangapi katika sisi tunadaiwa na watu ambao wamekwisha kurudi kwao, wala hatujui kuwa tunadaiwa!

Na hadithi ya kututisha zaidi ni ile aliyoipokea Imamu Bukhari, ambayo ndani yake Bwana Mtume (S.A.W.) ametueleza kuwa Mwenyezi Mungu mwenyewe atateta na watu wa namna tatu Siku ya Kiyama: mwenye kutoa ahadi kwa jina Lake kisha akaivunja; mwenye kumuuza mtu huru akala thamani yake; na mwenye kuajiri mtu, akaichukua kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Tazama vipi aliyedhulumu ujira amewekwa safu moja na aliyemuuza mtu huru. Msomaji huenda akastaajabu: ya nini kuyaweka pamoja mambo mawili haya, na moja laonekana kubwa na la pili laonekana dogo? Sababu yake iko wazi kwa mwenye kuzingatia. Mwenye kumtumikisha mtu bila ya kumlipa amemfanya mtumwa, ila hakumwita kwa jina hilo.

KHABARI YA PWANI YETU WENYEWE

Wala tusidhani kwamba maneno haya ni ya nchi za mbali. Pwani yetu ina khabari yake, na khabari hiyo yapasa isomwe, si kwa ajili ya kuwatukana waliokwisha tangulia, bali kwa ajili ya kujiangalia sisi.

Katika njaa kubwa ya miaka ya 1884 na 1885, ambayo watu wa makabila ya Mijikenda huiita Mwakisenge, wengi katika wao waliteremka miji ya pwani, na kwa kukosa cha kutoa wakawaweka rehani watoto wao na jamaa zao kwa watu wa mjini ili wapate nafaka. Mapatano yalikuwa kwamba mvua ikinyesha na shamba likizaa, baba atakuja na nafaka amkomboe mwanawe. Wako waliokombolewa. Wako pia ambao hawakukombolewa, ama kwa kuwa baba alikufa, ama kwa kuwa deni lilizidishwa, ama kwa kuwa mwenye kumshika alikwisha kumuuza. Na hao wakaingia utumwani. Katika njaa nyengine ya miaka ya 1898 mpaka 1900, ambayo watu waliipa jina la magunia kwa ajili ya magunia ya chakula yaliyoletwa, walishuka tena. Na katika nyakati kama hizo wako waliosilimu wakakaa na Waislamu, wakawa ndio mahaji, na kizazi chao ni ndugu zetu tunaosali nao safu moja hivi leo.

Sasa natuulize: sheria yasemaje juu ya kumweka rehani mtu huru? Jawabu ni kwamba haifai kabisa, wala hapana khitilafu. Rehani ni kitu ambacho deni lisipolipwa chaweza kuuzwa, na mtu huru hauziki. Basi mapatano yale tangu mwanzo yalikuwa batili, na aliyeyatumia kumfanya mtoto wa mwenziwe kuwa mtumwa aliingia katika kundi la pili la hadithi tuliyoitaja. Alikuwa na mizani ya nafaka mkononi, na sheria ya dini alikuwa nayo msikitini, lakini hakuichukua ile akaipimia hii.

Hukumu ya utumwa iliondolewa katika pwani yetu mwaka 1907. Rehani ya watoto imekwisha. Lakini yafaa tuangalie ikiwa desturi imekufa au imebadili nguo. Msichana wa miaka kumi na miwili aletwa mjini na dalali au na jamaa yake. Aingia nyumbani, aamka kabla ya adhana, alala baada ya watu wote. Mshahara wake, kama uko, hupelekewa baba yake, au hukatwa kwa kombe lililovunjika na nguo iliyoungua. Akitaka kwenda kwao huambiwa angojee. Kitambulisho cha mkubwa wake kimewekwa kabatini. Je, huyu ameajiriwa, au amewekwa rehani kwa unga waliokula wazee wake? Kila mwenye nyumba na ajijibu mwenyewe kabla hajaulizwa.

Na hapa pana jambo la kutuhuzunisha. Sisi watu wa pwani tuna binti zetu na dada zetu waliokwenda nchi za Ghuba kutumikia majumbani. Khabari zao mbaya zikitufika, za kunyimwa mishahara, na kuchukuliwa pasipoti, na kutopewa siku ya kupumzika, twalia na twasema kuwa waajiri wao hawana huruma. Twasema kweli. Lakini ni binti wa nani aliyeko jikoni mwetu sisi? Haimpasi mtu kudai Riyadh haki anayoizuia Mombasa.

MWAKA WA MAJIVU

Sasa na tutazame vipi walivyofanya wale ambao sisi twajinasibisha nao. Katika mwaka wa 18 wa Hijra, ambao ni sawa na mwaka 639, nchi ya Hijazi ilipatwa na ukame. Ardhi ilikauka mpaka upepo ukivuma hutimua vumbi kama majivu, na kwa hivyo mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Majivu, Aamur Ramada. Mabedui walikufiwa na wanyama wao, wakaacha majangwa wakaja Madina kutoka kila upande, wakapiga kambi kandokando ya mji. Basi ukame wa nchi ukawa ni jambo la mji.

Khalifa siku zile alikuwa Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.). Na Ibn Saad ametupokelea katika Tabaqat mambo aliyoyafanya, nasi twayapanga hapa ili yawe mafunzo.

La kwanza: hakuwafukuza. Hakusema kwamba mji umejaa. Kwa kila upande wa kambi aliweka watu wa kuwaangalia wale wageni, na kila jioni walimkusanyikia wakampa khabari ya upande wao.

La pili: aliwahisabu. Usiku mmoja waliokula chakula chake walihisabiwa wakawa 7,000, na wagonjwa, watoto na wasioweza kuja, ambao walipelekewa chakula walipo, wakawa 40,000. Mwenye kutaka kusaidia bila ya kujua idadi hupika kwa kukisia, na anayekosa daima huwa ni yule mnyonge.

La tatu: alitafuta chakula nje. Aliwaandikia magavana wake, na Abu Ubayda (R.A.) akaja kutoka Sham na ngamia 4,000 waliobeba chakula.

La nne: alijishirikisha. Alijizuia samli na nyama, akala mafuta ya zeituni mpaka rangi yake ikabadilika, akakataa kula kitu kizuri mpaka watu wote wakipate. Na imepokewa kuwa alisema lau msiba ule ungeendelea, angaliwatia katika kila nyumba yenye uwezo wahitaji kwa kadiri ya watu wa nyumba ile, kwani watu hawaangamii kwa kugawana nusu ya shibe yao.

La tano: hakuwatoza waliofilisika. Zaka ya wanyama ya mwaka ule aliichelewesha, na mvua ziliporudi ndipo alipotuma watu kuikusanya, akaamrisha sehemu yake igawiwe huko huko kwa mafakiri wao.

La sita, na hili ndilo aghlabu ya watu hulisahau: aliwarudisha. Mvua iliponyesha hakuwaacha wawe ombaomba wa Madina milele, wala hakuwafukuza mikono mitupu. Aliweka watu wa kuwatoa mpaka majangwani kwao, akawapa chakula cha njia na wanyama wa kuwabeba. Huku ndiko kumkamilishia mtu msaada. Kumlisha siku ya njaa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumpa cha kuanzia siku ya mvua.

MASWALI NA MAJAWABU

Swali: Watu hawa wakija mjini wizi huzidi. Je, hatuna haki ya kujikinga nao?

Jawabu: Kujikinga na mwizi ni haki. Lakini kumtuhumu mtu kwa sababu ya umasikini wake si haki. Na katika Muwatta ya Imamu Malik mna kisa cha watumwa wa mtu mmoja walioiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzayna wakamchinja. Sayyidna Umar alipotambua kuwa bwana wao huwashindisha na njaa, aliwaepushia adhabu, akamgeukia bwana. Akauliza thamani ya ngamia, akaambiwa dirham 400. Akamwamrisha bwana alipe 800. Basi mwenye kumtumikisha mtu akamnyima cha kumtosha, asistaajabu hukumu ikibisha hodi mlangoni kwake yeye.

Swali: Mimi nampa chakula na mahali pa kulala. Mshahara wa nini tena?

Jawabu: Chakula na malazi yaweza kuwa sehemu ya ujira, ikiwa mmepatana hivyo tangu mwanzo na vikajulikana ni vya namna gani na kiasi gani. Ama kumlisha mtu makombo ukayahisabu kuwa ndio mshahara, hiyo ni hila. Farasi naye hulishwa na hupewa banda, wala hapana asemaye kuwa farasi ameajiriwa.

Swali: Wengi wao si Waislamu. Je, haki hizi ni zao pia?

Jawabu: Ujira hauna dini. Ni deni, na deni hulipwa kwa mwenyewe, awe ni nani. Ama sadaka, yafaa kumpa asiyekuwa Mwislamu, na wafasiri wametaja kuwa aya ya 272 ya Suratul Baqara ilishuka pale baadhi ya Waislamu walipoona uzito kuwapa sadaka jamaa zao wasioamini. Zaka ya faradhi ndiyo iliyo ya Waislamu, na kati ya wageni hawa Waislamu wamo wengi. Lakini tujihadhari sana na jambo moja: mkate usifanywe kuwa bei ya kalima. Mtu akiingia katika dini kwa kupenda, ni neema. Akiingia kwa kutafuta unga, njaa ndiyo iliyosilimu, si yeye.

Swali: Zaka yangu ni ya mafakiri wa mji wangu. Hawa ni wa nchi nyengine. Je, yafaa kuwapa?

Jawabu: Naam. Katika madhehebu yetu linaloangaliwa ni mahali mali ilipo na mafakiri walioko hapo, wala si mahali walipozaliwa. Fakiri Mwislamu aliyekimbia ukame akawa yuko mjini kwako, huyo sasa ni fakiri wa mji wako.

YANAYOTUPASA KUFANYA

Elimu isiyotendewa kazi ni hoja juu ya mwenyewe. Basi haya ndiyo twayausia:

1. Mwenye kuajiri na ataje ujira kabla ya kazi kuanza, aueleze kwa lugha ambayo mwenziwe aifahamu, na aulipe siku ile ile aliyoitaja. Bwana Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tumpe mfanyakazi ujira wake jasho lake halijakauka. Kibarua wa kutwa akiambiwa "njoo Jumatatu", wanawe walala na nini Ijumaa, Jumamosi na Jumapili?

2. Ujira usiwe chini ya ule uliowekwa na serikali kwa kazi hiyo, na watumishi wa majumbani wamo katika hisabu hiyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imempa kila mfanyakazi siku 1 ya kupumzika katika kila siku 7, na likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mshahara kamili baada ya miezi 12. Haya hayapingani na dini yetu hata kidogo.

3. Mtoto wa skuli asiajiriwe. Sheria hiyo hiyo imekataza kabisa kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13. Mwenye kutaka kuwasaidia wazee wake na awape sadaka, na mtoto amtie skuli.

4. Kitambulisho cha mtu kisizuiliwe, wala simu yake, wala safari yake ya kwenda kwao.

5. Msimu wa kupanda ukifika, mwajiri ampe ruhusa mtu mwenye shamba arudi akapande, na kazi yake imngojee. Wiki mbili za kupanda huenda zikampa chakula cha miezi, na ndizo zinazomzuia asirudi kusimama mlangoni kwako tena akiwa na njaa.

6. Hapa ndipo penye kazi ya misikiti na jumuia zetu: zaka na zitolewe kwa njia ya kumtoa mtu katika ufakiri, si kwa njia ya kumpa shilingi chache ziishe jioni. Imamu Nawawi ameeleza kuwa fakiri hupewa kitakachomtosheleza: mwenye ufundi hupewa zana za ufundi wake, na mfanya biashara hupewa rasilmali. Basi kwa kipimo hicho mkulima hupewa jembe, mbegu na jozi ya mbuzi. Wala si mbegu ya mahindi peke yake, kwani mahindi yana kiu. Apewe mtama, kunde na vipande vya mihogo, vyenye kustahamili jua zaidi.

7. Na mbegu ina wakati wake. Mvua za mwaka hazingoji kamati. Mbegu isipofika kabla ya mwisho wa Machi haina faida nayo. Wengi wetu hutoa zaka katika Ramadhani, na Ramadhani husogea nyuma kwa kiasi cha siku 11 kila mwaka, kwa hivyo haiwafikiani na kupanda ila kwa miaka michache. Lakini madhehebu yetu yamejuzisha kutanguliza zaka ya mwaka mmoja kabla ya wakati wake, maadamu nisabu imetimia. Basi mwenye uwezo na aitangulize, ili mbegu iingie ardhini pamoja na mvua ya kwanza.

Enyi ndugu zetu, mvua iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, wala hapana katika sisi awezaye kuinyesha. Lakini ujira uko mikononi mwetu. Tutakuja kuulizwa juu ya hicho kilichokuwa mikononi mwetu, wala hatutaweza kujibu kwamba ulikuwa ni mwaka wa ukame. Aliyekuja na njaa atakaporudi kwao, natumuache arudi na haki yake kamili na mbegu mkononi, ili mashtaka yake yasitutangulie kwa Mola wetu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu aziteremshie nchi zetu mvua yenye manufaa, isiyokuwa ya kugharikisha wala ya kuchelewa, azilainishe nyoyo zetu, na atuwezeshe kulipa tunayodaiwa kabla ya siku ambayo hapana dinari wala dirham. Amin.